Mafuta ya Nazi si ya Mashua

Nakumbuka siku moja, mwanangu Bakari, nilimfungia mlango babu yako kwa sababu ya harufu. Lakini kwanza futa hiyo mikono, na hilo kopo la grisi ya pikipiki liweke chini. Juzi nimekwambia, jana nimekwambia, leo nakukuta umeipaka kila mahali kwenye mashua yako, kapi za kupandishia tanga, kamba, mpaka mbao, kama mtu anayepaka mkate siagi. Nimechoka! Lakini sinyamazi, na sababu nitakupa.

Mimi si mtu wa pwani, unajua. Nilizaliwa Mtama, kwenye mikorosho, nikaolewa huku Kilwa na babu yako Athumani, aliyekuwa na mashua ya kubebea chumvi. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba chombo kinapakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayoachwa juani mpaka yaoze. Nguo zinanuka, mto unanuka, hata chai niliiona inanuka. Nikachoma udi, wapi! Cha kuvunda hakina ubani.

Wakati huo mashua ilikuwa imepandishwa pwani, fundi anaziba nyufa za mbao kwa pamba iliyolowekwa kwenye sifa hiyohiyo. Usiku mmoja nikamfungia mume wangu mlango, asubuhi nikamwambia, "Chagua, sifa au mimi. Mafuta ya nazi yapo tele, tena yananukia."

Alinitazama, akakuna kichwa, akasema, "Sawa, bi harusi." Fundi naye akaloweka pamba kwenye mafuta yangu ya nazi, hakutia neno. Nikawapelekea uji wa moto, najiona nimeshinda.

Kumbe walioshinda ni panya. Mashua ilikaa juu ya magogo kungojea maji makubwa ya bamvua, na wao wakawa wanachomoa ile pamba tamu huko chini, kwenye kivuli, ambako mtu hainami mara mbili. Fundi aliporudi kupaka deheni, ile shahamu iliyochanganywa na chokaa, alikuwa na haraka ya kuwahi maji. Akazifunika nyufa tupu. Kwa macho, mashua ilikuwa inapendeza kweli.

Athumani na mdogo wake Saidi wakapakia chumvi kwenda Somanga. Hawakufika mbali. Maji yalipanda kutoka chini, chumvi ikayeyuka, mashua ikalala ubavu. Wavuvi waliwakuta wameng'ang'ania foromali, ile boriti ya kufungia tanga. Saidi alikuwa amekunywa maji mengi, hajitikisi. Tukamlaza ukumbini, mama mkwe anamsugua kifua na kumwita jina lake, mimi nimeganda mlangoni, nasema moyoni nimeua mtoto wa watu. Alipokohoa na kufumbua macho, nililia mpaka nikakaa chini.

Mashua ilipovutwa pwani, fundi akazikuta alama za meno ya panya kwenye nyufa. Nikampigia mama mkwe magoti. "Nisamehe mama, ni mimi."

Hakunitazama. Akamgeukia mwanawe. "We Athumani! Huyu katoka kwenye mikorosho, mambo ya mashua atayajulia wapi? Wewe hukujua kama panya wanapenda nazi?"

"Nilijua, mama."

"Na wewe fundi?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Mlijua wote wawili, mkamwonea aibu bi harusi. Aibu yenu ingemzika Saidi."

Tangu siku ile sikumfungia mtu mlango. Nililala na sifa, nikaamka na sifa, na pua haikukatika.

Sasa sikia, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Grisi yako si mbaya, itie kwenye vyuma vya usukani, hapo ndipo mahali pake. Kapi za mti zipake shahamu. Grisi inashika mchanga, na siku upepo umechacha utavuta kamba tanga lisishuke. Hiyo kamba yenyewe usiipake kitu, itakuponyoka mkononi. Tumbo la chombo lipe deheni, mbao na pamba zipe sifa, unuke! Mkeo akikufungia mlango, lala barazani, atafungua asubuhi. Na kabla ya kupaka deheni inama uangalie, halafu inama tena.

Kasirika ukitaka, mwanangu. Wawili walinihurumia nilipokuwa bi harusi, na huruma yao nusura itoe maiti ndani ya nyumba hii. Mimi huruma ya namna hiyo sina. Nawe ukijua jambo, liseme, hata mbele ya mkeo, hata mbele yangu mimi. Mwenyezi Mungu akulinde na macho ya watu na meno ya panya, akupe upepo mwema, na kila utokapo akurudishe nyumbani mzima, unanuka sifa. Amina. Haya, chukua tambara ufute hiyo grisi.