Sabuni ya Dawa na Mtindi wa Gumato

Mtindi wa Gumato ulikuwa na jina Garsen nzima. Zakaria wa hoteli aliuchukua wote kila asubuhi, na siku ukikosekana, wateja wake walikunywa chai wamenuna.

Halafu ikaja mvua ya Elnino, nyuma yake kipindupindu, na nyuma ya kipindupindu akaja Bwana Afya, Changawa, na viatu vyake vya mpira. Akawakusanya kina mama wa maziwa, akainua kipande cha sabuni.

"Hii ni sabuni ya dawa, inaua vijidudu vyote. Atakayeuza maziwa bila kunawa na hii, namfungia biashara."

Wengine walinawa vidole akiwaangalia, basi. Gumato si mtu wa kufanya kitu nusu. Alinawa, akaoga, kisha akavisugua ndani vibuyu alivyoachiwa na mama yake, ambavyo miaka yote vilifukizwa moshi tu. Akatia maziwa, akangoja.

Maziwa yakakataa kuganda. Akaona labda hakusugua vizuri, akasugua zaidi. Yakazidi kukataa, na sasa yananuka kama bafu la hospitali.

Zakaria alionja, akafuta mdomo, akamgeukia Gumato. "Mama Liban, haya nitawapa wateja na taulo?"

Hoteli nzima ikacheka.

"Nimefuata serikali," alisema Gumato.

"Basi iuzie serikali. Mimi naenda kwa Sadia."

Sadia alikuwa anauza upande wa pili wa soko, na Gumato miaka yote alimwita muuza maji ya mchele. Neno hilo la Zakaria lilimuuma kuliko njaa.

Muda ukapita, Bwana Afya akarudi, safari hii na karatasi. "Ile sabuni imepigwa marufuku. Ina zebaki, inaharibu figo."

"Si wewe uliyetuletea?"

"Mama, wakati ule ilikuwa haijapigwa marufuku."

"Kwa hivyo wakati ule figo zilikuwa haziharibiki?"

Changawa akaisoma karatasi yake tena. "Hapa imeandikwa sabuni irudishwe. Kuhusu watu waliooga nayo, tutaletewa karatasi nyingine."

"Na vibuyu vyangu?"

"Hivyo tupa."

Gumato alivichoma mwenyewe nyuma ya nyumba, na aliyemuuliza machozi ya nini aliambiwa ni moshi. Akatafuta kibuyu kipya, akakifukiza, akavuka soko mpaka kwa Sadia.

"Nipe kikombe kimoja cha mtindi, dada. Nataka kugandishia, kibuyu changu kipya hakina chachu."

"Ah, maji ya mchele yamekuwa matamu?" Sadia hakusimama. "Lete mikono kwanza."

Akainusa yote miwili, polepole, soko likitazama. Kisha akamimina.