Mashine Iliyoninyima Ubajuni

Kwetu mimi ndiye mjuaji. Si sifa, ni jina nililopewa na ndugu zangu, na wallahi nimelifanyia kazi. Mtu akikosea neno la Kibajuni mbele yangu, hata awe bwana harusi kwenye nikahi yake, humrekebisha. Basi watu wa utafiti walipofika Kismayu wakitafuta mwenyeji wa kuwasaidia, niliwaambia bila haya kwamba Kibajuni safi wameshakipata, kimekaa mbele yao, kimevaa buibui.

Utafiti wenyewe ulihusu akili mnemba: mashine hizi zikishapewa kuamua mambo ya watu, watu wenyewe wanaishi nazo vipi. Nilipewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, nikawa nakivaa hata nikienda kununua samaki. Niliwauliza wachuuzi, madereva wa bajaji na wanawake waliorudi kutoka kambi za wakimbizi maswali ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Wakijibu natikisa kichwa kama daktari, kisha naenda nyumbani kuandika.

Wakati huohuo mdogo wangu alikuwa Ulaya akiomba ruhusa ya kukaa. Vita vilitutoa Chovae, kisiwa chetu, tungali watoto, tukapita kambini, tukakulia Mombasa. Baadaye mimi nikarudi upande huu, yeye akaenda mbali zaidi na kuzaa hukohuko. Sasa serikali ya huko ilikuwa na shaka naye. Je, kweli ni Mbajuni wa Somalia, au ni Mkenya anayejitia Ubajuni? Wakamwambia atazungumza kwa simu, na programu itasikiliza sauti yake na kusema anatoka wapi. Ikisema Mombasa, atarudishwa Kenya, nchi ambayo hana hata karatasi yake, yeye na wanawe wasioijua hata kwa picha.

Akanipigia kuuliza afanyeje. Mtu mwingine angemwambia zungumza tu, Mungu atasaidia. Mimi nilimfungulia darasa. Kila baada ya alasiri nilimkaririsha: eleza hivi tulivyoishi Chovae, sema mchu, usiseme mtu, usitie Kisomali, usicheke, usikimbize maneno. Alilalamika kwamba anajisikia kama msoma taarifa ya habari. Nikamjibu kwamba ndiyo heshima yenyewe, anazungumza na serikali. Ndivyo tulivyolelewa: mgeni akiingia barazani, Kibajuni huingia chumbani, kikatoka Kiswahili cha wageni.

Programu ilimsikiliza, ikasema Mombasa. Wakamkatalia.

Alilia kwenye simu, nami nikalia, kisha nikakasirika, maana hasira ndiyo kazi niiwezayo zaidi. Nilimwendea mkuu wetu wa utafiti, mama mtaratibu ambaye hajawahi kupandisha sauti mbele yangu, nikamwambia mashine zao ni viziwi na waliozitengeneza ni viziwi zaidi. Alisubiri nimalize. Akasema hilo ni jambo la kupimwa, si la kupigiwa kelele, na kwamba anaweza kupata programu ya aina hiyohiyo. Je, ningekuwa tayari kuijaribu mimi mwenyewe? Yarabi, mimi nijaribiwe Ubajuni! Nilikubali kwa huruma tu, nisije nikamvunja moyo.

Nilikaa uani na simu, nikavuta pumzi, nikasimulia jinsi mama alivyokuwa akitupikia samaki wa nazi, kwa Kibajuni changu cha sherehe. Mashine ikafikiri kidogo. Mombasa. Nikarudia polepole nikikaza kila neno. Mombasa, na safari hii kwa yakini zaidi. Nilikuwa bado nabishana nayo mbuzi wa jirani alipoingia uani akaivuta leso yangu mpya kwenye kamba. Nilichosema sikikumbuki vizuri. Najua nilimtukana mbuzi, nikamtukana na mwenye mbuzi, nusu Kibajuni nusu Kisomali, kama tunavyogombana mtaani kila siku, na simu ilikuwa ingali inarekodi. Mashine ikasema huyu ni Msomali wa bara. Labda ilimsikia mbuzi.

Kwa hiyo nikiwa na adabu mimi ni wa Mombasa, nikiwa na hasira ni wa bara, na visiwani kwetu simo kabisa. Mkuu wetu alieleza kwamba huenda mashine ile haikusikilizishwa watu wetu wa kutosha, na isiyemjua humsukumia kwa jirani aliye karibu. Akaniomba niyaandike yote kwenye ripoti, pamoja na mbuzi.

Nilimpigia mdogo wangu mbio, nimpe ushahidi kwamba mashine haijui lolote. Nilimsimulia hadi nilipomaliza. 

"Dada," akasema, "mimi nadhani haikukosea. Ilinisikia nikisema kama wewe."

Liliniuma, nisiseme uongo. Liliniuma kwa sababu ni kweli. Shuleni Mombasa walinicheka mpaka nikausugua ulimi wangu, na kilichobaki baada ya kusugua ndicho nilichokuwa nikikiita Kibajuni safi. Nacho ndicho nilichomfungia mdogo wangu shingoni siku aliyokuwa akipigania watoto wake.

Wakili wake aliichukua ripoti yetu, akaomba asikilizwe na mtu mwenye masikio ya damu na nyama. Wakakubali, ila walitaka sauti zake za siku za nyuma, akizungumza na jamaa bila kujua kama atakuja kusikilizwa na serikali. Sauti hizo anazo nani? Ninazo mimi, miaka na miaka ya ujumbe wa sauti kwenye simu yangu.

Nikakaa kuchagua. Zile za Idi na za kujuliana hali zilikuwa za adabu, Kiswahili cha redioni. Kibajuni chenyewe, kile kinachokimbia, chenye Kisomali na kicheko ndani yake, kilikuwa katika zile za kunigombeza tu. Kwamba nimejifanya mufti wa lugha. Kwamba mama, Mungu amrehemu, nilibishana naye namna ya kulitamka jina lake mwenyewe. Kwamba wanawe wakinipigia simu huanza kwa kuomba msamaha. Nilitafuta hata moja anayonisifu kwa kasi ileile. Sikuipata. Mficha uchi hazai, nikazituma zote.

Aliyeletwa kusikiliza alikuwa bibi mmoja wa kwetu, aliyeishi huko tangu zamani. Mdogo wangu anasema bibi yule alianza kwa uso wa kazi, akaishia kujifunika mdomo kwa mtandio. Moja aliomba irudiwe, na hakuna aliyeamini kwamba ilikuwa ni kwa ajili ya utafiti wa lugha. Kisha akawaambia wakubwa kwamba huyu ni Mbajuni, na kwamba dada wa aina hiyo anamjua, kila nyumba ya kwetu inaye mmoja.

Ruhusa imetoka, yeye na wanawe wanakaa. Tulilia tena kwenye simu, na kwa mara ya kwanza alisema atakavyo, nami nikamsikiliza bila kumrekebisha hata neno. Maneno yake yote yamefasiriwa kwa lugha ya nchi ile, yakapigwa mhuri, yakawekwa kwenye faili: mwombaji ana dada Kismayu, hasikii la mtu, na mdomo wake hauna Ijumaa ya kupumzika. Ni uamuzi wa serikali sasa. Sijakata rufaa.