Mume Wangu Alikuwa Anamwagilia Gardenia ya Jirani

Jamani, kuna wanawake wanafumania meseji. Wengine wanafumania rangi ya mdomo kwenye kola ya shati.

Mimi nilimfumania mume wangu na mpira wa kiyoyozi.

Alikuwa amepiga magoti kwenye roshani yetu asubuhi, hata kahawa hajanywa. Ameushika ule mpira mwembamba unaotoa maji ya kiyoyozi, anauelekeza chini taratibu, jicho moja amelifumba kama fundi anayepima ukuta.

Nikachungulia juu ya bega lake. Tone, tone, tone, yote yanaingia kwenye chungu cha gardenia cha Wadad, jirani yetu wa ghorofa ya chini.

Na ulikuwa mwezi wa tano. Upepo wa bahari unaingia wenyewe dirishani. Nani anawasha kiyoyozi Beirut mwezi wa tano, tena kwa umeme wa jenereta?

Nikasema leo ni leo.

"Ghassan, unafanya nini?"

Akashtuka mpaka akagonga kichwa kwenye reli. "Maji yanadondoka tu, Mama Nadim. Nayaweka sawa yasimkere mtu."

Yasimkere mtu. Bomba la jikoni linanikera mimi tangu mwanangu Nadim anatambaa, na Nadim sasa ana ndevu. Hilo hajaligusa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkaniona nina kichaa.

Siku naolewa, mama yangu alishuka kutoka kijijini kwetu mlimani na tawi la gardenia, ule mti wa maua meupe yenye harufu kali, shina amelizungushia pamba mbichi. Nikalitia kwenye glasi ya maji dirishani jikoni, likatoa mizizi, nikalipanda. Likawa mti.

Kila mwaka ulichanua. Mama akija kututembelea, anachuma ua moja, analitia kifuani ndani ya gauni, siku nzima nyumba inanukia yeye.

Mama alipofariki, ule mti ndio ulikuwa mama niliyebaki naye. Nikitoka roshani namsalimia. Cheka tu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa, juu yetu anakaa Baba Karam, mwalimu mstaafu. Kiyoyozi chake kilikuwa kinadondosha maji kwenye roshani yangu tangu tuhamie. Kwenye nguo nilizoanika, utosini, kwenye vyungu, popote. Hapa kwetu watu wamenuniana mpaka misibani kwa ajili ya maji ya kiyoyozi, kwa hiyo msishangae.

Mama alikuwa ananiambia nimwache mzee wa watu. Baada ya matanga, uvumilivu ukaniisha. Nikampeleka Baba Karam kwenye kamati ya jengo, nikafoka mpaka sauti ikakauka. Akalazimishwa kuweka bomba linaloshusha maji yake moja kwa moja mpaka kwenye mfereji.

Nilishinda. Nikapika kahawa ya hiliki, nikawaita wanawake wa ngazi nzima.

Kiangazi hicho hicho mti wa mama ukaanza kuwa wa njano.

Nikaumwagilia zaidi. Nikaweka mabaki ya kahawa. Nikachomeka misumari yenye kutu kwenye udongo, kama mama alivyonifundisha. Wapi. Vitumba vikawa vinaanguka kabla ya kufunguka, majani yanapukutika, mimi naokota huku nalia.

Mtu niliyemshuku alikuwa mmoja. Wadad alipokuja kunipa pole ya msiba, aliutazama ule mti akasema, "Huu una afya kuliko sisi sote."

Hakusema mashallah. Nilitega sikio, sikuisikia.

Nikatundika shanga ya buluu kwenye tawi kuzuia kijicho, lakini nilikuwa nimechelewa. Mti ukakauka. Nikamwambia Ghassan autoe akautupe kwenye pipa la taka la mtaani, nikajifungia chumbani nisione.

Basi. Mwaka uliofuata, Wadad naye akawa na gardenia. Chungu cha buluu, pembeni kabisa ya roshani yake, chini ya kiyoyozi chetu.

Wadad ni mjane, fundi cherehani, tunalingana umri, ila kiuno chake bado hakijapata habari hiyo.

Ilipochanua mara ya kwanza, harufu ilipanda ikaingia chumbani kwangu mpaka kwenye mto. Nilifunga dirisha nikalala na joto. Roho iliniuma, sitaki kudanganya. Kwa nini yeye? Wangu ulikufa na misumari yote ile, yeye ana nini cha kumshinda mama yangu?

Nikajishusha, nikamuuliza ngazini anaitunza vipi.

Akatabasamu. "Mimi sifanyi kitu, Mama Nadim. Inatoka juu tu."

Nikajua ananificha. Mtu mwenye siri ndiye huwa mcha Mungu ghafla.

Kwetu ukiwa na gardenia unawagawia majirani, maua yakielea kwenye kisahani cha maji. Wadad akawa kila asubuhi anamkabidhi Ghassan kisahani mlangoni kwake, mume wangu akitoka kununua mkate. Ghassan analeta, anaweka mezani mbele yangu, ananitazama usoni kama mtoto anayesubiri kusifiwa. Akienda kazini, nayatupa barabarani.

Moja Ghassan hubaki nalo. Analichomeka mfuko wa shati, anaondoka ananukia mwanamke mwingine. Na mimi ndiye niliyelipiga pasi lile shati.

Kila nikitajiwa jina la Wadad, nafunga mlango kwa kishindo. Mara mbili tatu Ghassan alianza, tena kwa kuniita jina langu, "Hiyam, kuhusu ile gardenia..." Hakumaliza.

Ndipo nikamkuta na mpira.

Nilimnyang'anya. Nikauingiza kwenye ndoo, nikaufunga kwa waya. Tangu siku hiyo ndoo ikijaa, namwaga chooni. Maji ya kiyoyozi kila mtu anajua ni uchafu, hata kudekia sidekii.

Haikupita muda nikaona jani la njano kule chini.

Ee bwana. Nilikunywa kahawa yangu nimeegemea reli, ikawa tamu bila sukari. Kesho yake mawili. Halafu vitumba vikaanza kuanguka. Wadad anatoka na birika, anaumwagilia maji ya bomba kwa kukosa mengine, anaushika mti shina, anatikisa kichwa. Mimi juu natafuna karanga.

Ghassan akaacha kula. Anakaa mbele ya sahani, anatazama dirisha. Hapo ndipo wivu uliponipanda mpaka kichwani. Mwanaume gani anafiwa na mti wa jirani?

Nikamwambia kama ni hivyo, Jumapili narudi kwa kaka yangu mlimani, abaki na mjane wake wanuse udongo. Alifungua mdomo, nikabamiza mlango. Sanduku nikaliweka wazi kitandani.

Jumamosi, mlango ukagongwa. Nafungua, namkuta Wadad amekikumbatia chungu cha buluu, jasho linamtoka. Mti umebaki nusu, majani ya kuhesabu.

Nikasema moyoni, amekuja kuniomba maji. Nikajipanga kumnyima.

"Nipishe nikitue, mgongo unaniuma," akasema. Akaingia bila kukaribishwa, akakiweka katikati ya sebule. "Chukua mti wenu."

"Mti wetu?"

"Wa mama yako. Mumeo alishuka nao siku ile ulipomwambia akatupe. Alifika mlangoni kwangu analia, mtu mzima na kisiki mkononi. Nikaukwangua shina chini kabisa, nikaona kijani."

Nikamgeukia Ghassan. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, anatazama vidole vyake vya miguu.

"Mbona hukuniambia?"

"Mti ungekufa tena, ningekuja kukuambia nini?" akasema. "Nikasema tusubiri. Mwaka huu ukachanua. Nilitaka nikuletee siku ya kumbukumbu ya mama, ukiwa umejaa maua. Nikadhani harufu tu utaijua."

Harufu tu nitaijua. Nilikuwa nimeifungia dirisha.

Nikakaa. Nikauliza kwa nini basi ulinifia mimi na ukapona kwake. Bado nilikuwa na ule mwiba, nakwambieni. Mti ni wa mama, nimeambiwa mume wangu alilia kwa ajili yangu, na mimi nataka kujua yeye ana nini.

"Sina kitu. Nilikuambia inatoka juu," akasema Wadad. "Kisima cha jengo hili ni chumvi tupu, na maji yake ndiyo tunayoyapata kwenye bomba. Gardenia haiwezi chumvi. Miaka yote huu mti ulikuwa unakunywa maji ya kiyoyozi cha Baba Karam. Ulipompeleka kwenye kamati, ukaukatia maji. Nami nikauweka chini ya kiyoyozi chenu, ukaponea maji yako."

Maji yangu. Niliyokuwa namwaga chooni.

Akaelekea mlangoni, halafu akageuka. "Na hili la mume. Wangu yuko kwenye picha ukutani, ananitosha. Huyo wako anakoroma mpaka kule chini. Siku nyingine kabla hujatupa ua barabarani, uliza la nani."

Niliyafikiria yale maua, visahani vyote vile, magari yakiyapita juu. Yalikuwa ya mama. Nililia siku ile kuliko nilivyolia msibani.

Lakini kulia hakumwagilii mti.

Kiyoyozi chetu kinamwaga kwa Wadad, siyo kwangu. Maji ya ndoo ningeweza kuumwagia, lakini aliyeunywesha tone kwa tone miaka yote alikuwa mmoja, na mimi ndiye niliyemfungia. Nikanawa uso, nikapika kahawa ya hiliki, nikapanda ngazi na sinia.

Baba Karam alifungua, akanitazama, akaitazama kahawa. Nikamweleza shida yangu. Alinywa kikombe kizima bila haraka, mzee yule, akanirudishia kikombe.

"Yaani unataka nikudondoshee maji."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nitahitaji ruhusa ya kamati ya jengo," akasema.

Nilisimama kwenye kikao, mbele ya wanawake wale wale niliowanywesha kahawa ya ushindi, nikaomba nidondoshewe. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Niliyastahili yale, nikayameza. Bomba likaondolewa.

Mti umerudi. Ulichukua muda, ulininunia kama mtu, lakini umerudi. Nguo naanikia upande wa pili, na utosini nikidondokewa nasema asante.

Ua la kwanza lilipofunguka, nilitaka kulitia kifuani kama mama. Nikajizuia. Nikaliweka kwenye kisahani cha maji, nikashuka nalo mwenyewe kwa Wadad. Ghassan alijitolea kulipeleka, nikamwambia akae pale pale.

Maana wivu haujaisha, nisiwadanganye. Bado anatoka na ua mfukoni, ila siku hizi nalichagua mimi, na nalichomeka mimi.

Wenzangu, nina neno moja tu. Ukiona bustani ya jirani imestawi roho ikakuuma, usikimbilie kuitafutia ubaya. Tazama kwanza maji yanatoka kwa nani. Huenda ni yako, na wewe ndiye uliyeshika ndoo kuelekea chooni.