Ndugu wa Safu Moja

Nakumbuka harufu ya mafuta ya taa kuliko ninavyokumbuka nyuso za watu siku ile, mwanangu. Ilikuwa siku ya wazazi kwenye sekondari niliyosoma, Tabora, miaka ya Ujamaa ambapo kila mtu alikuwa ndugu: ndugu mwalimu, ndugu karani, ndugu mpishi. Mimi, binti wa mkulima wa tumbaku wa Urambo, nilichaguliwa kuonyesha kemia mbele ya wageni, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Ukutani palitundikwa jedwali la elementi. Safu ya kushoto kabisa inashuka hivi: lithiamu, sodiamu, potasiamu. Mwalimu alitufundisha kwamba hizo ni kundi moja, na kwamba kila ukishuka, atomu inazidi kuwa kubwa, elektroni ya nje inakaa mbali zaidi na kiini, na kiini kinashindwa kuishika sawasawa. Niliyaandika yote kwa mwandiko mzuri. Kichwani nilibaki na neno ndugu tu, na siku zile ndugu maana yake ilikuwa sawa kwa sawa.

Rafiki yangu Mwajuma, mtoto wa fundi cherehani wa Mtendeni, alisimama karibu na beseni la maji. Nikatia lithiamu, ikatoa mapovu taratibu. Nikatia sodiamu, kipande kama punje ya mchele, kikawa tone linalokimbia juu ya maji. Watu wakapiga makofi. Lakini baba yangu alikaa nyuma kabisa, nikaona ananyoosha shingo bila kuona kitu. Basi nikaopoa potasiamu kwenye mafuta ya taa ilimohifadhiwa, nikakata kipande kama haragwe.

"We, mbona kikubwa?" Mwajuma akaninong'oneza.

"Si ndugu hawa? Tulia bwana."

Kilipogusa maji kiliwaka moto wa zambarau kabla sijaondoa mkono, kisha kikalipuka. Mwajuma akashika jicho, akapiga magoti.

Mzee Shabani, mtunza maabara, alimkokota hadi bombani, akamfumbua kope kwa vidole na kuacha maji yapite jichoni muda mrefu. Mwajuma alipopelekwa hospitali nilibaki maabara nalia. Niliamini nimempofua.

Mzee hakunifokea. Alikuwa akifuta meza.

"Kwenu mnalima tumbaku?"

"Ndiyo, mzee."

"Majani ya chini na ya juu mnayakausha pamoja?"

"Hapana, mzee. Ya chini mepesi, ya juu mazito. Kila chumo lina moto wake."

"Yanatoka mashina mawili?"

"Shina moja."

"Basi hili ulilijua tangu utotoni," akasema, "ukaja kulisahau mbele ya beseni."

Aibu ile sijaimaliza mpaka leo.

Mwajuma alifungwa bandeji siku nne, na siku nne hizo sikukumbuka hata kuoga. Ya tano walipomfungua aliniangalia kwa macho yote mawili, akaniambia nikaoge, nanuka mafuta ya taa. Nikalia upya. Jicho lilipona, ila unyusi wa kushoto haukuota tena. Sasa yuko Ipuli, mzee kama mimi, na nikimtembelea huuchora kwa wanja mbele yangu, makusudi.

Baada ya pale nililisoma jedwali upya. Ukienda kulia, atomu zinapungua ukubwa na kuzishika elektroni zake kwa nguvu zaidi. Ukishuka, mshiko unalegea. Chini ya potasiamu ipo rubidiamu. Sijawahi kuiona, lakini najua ni kali kuliko ile iliyoniumbua, na kama ningeletewa leo ningeisogelea kwa adabu. Nililipenda jedwali kwa sababu hiyo: linakuonya kabla hujagusa.

Mwanangu, umepata kazi ya ualimu, na nimefurahi sana. Utaletewa watoto na kuambiwa hawa ni wa tumbo moja, hawa wa kijiji kimoja. Kubali, ni kweli. Kisha mtazame kila mmoja amesimama wapi, na yuko mbali kiasi gani na kinachomshika. Usimpe huyu kipimo cha mwenzake kwa sababu mwenzake alikivumilia, hasa siku ambayo wewe unataka kupigiwa makofi.

Mungu akupe jicho la kuona mahali mtu aliposimama. Na siku utakayokosa kuangalia, akuwekee karibu mwenye mikono kama ya Mzee Shabani, na rafiki wa kukuambia nenda kaoge.