Odeta na Moyo Usiojua Kiswahili

Saa mbili asubuhi, Odeta Shimba anaegemeza dekio ukutani, anavua glovu na kwenda kumfasiria daktari. Kazi yake katika hospitali hii ya Mwanza ni usafi wa wodi. Kufasiri Kisukuma hakumo kwenye mkataba, wala kwenye mshahara.

"Wananiita tu, 'Odeta, njoo, mzee kagoma,'" anasema mama huyu wa miaka 46, mkazi wa Buswelu.

Aliyegoma safari hii ni Mzee Ngosha, mfugaji. Moyo wake unapiga ovyo: mara mbio, mara unasita. Damu inaweza kuganda humo, bonge likapanda kichwani na kumpoozesha. Dawa amekunywa wee, hazijasaidia. Kwa kuwa Ijumaa anafunguliwa kifua kurekebishwa vali ya moyo, Dk. Deodatus Kahigwa anataka amalize yote siku hiyo hiyo: aunguze mistari kwenye moyo, kisha azibe kijifuko ambamo damu huganda.

Tatizo ni hilo neno "kuunguza". Jana Odeta alilifasiri lilivyo. Lo! Mzee alivaa makobazi yake huyo getini, Odeta nyuma yake na dekio mkononi.

"Akaniuliza, 'Binti, huo mshikaki mtakula wenyewe au mtampelekea mke wangu?'" Odeta anacheka mpaka anajifuta machozi. Kisha kicheko kinakatika. "Baba yangu alikimbia upasuaji hivyo hivyo. Hakuna aliyemweleza. Alipooza, akafa. Inaniuma mpaka leo."

Leo anaanza upya, kwa Kisukuma.

"Mzee, ng'ombe wako wakitawanyika kwenye mihogo ya watu, unafanyaje?"

"Napanda ua wa minyaa, wabaki na njia moja."

"Haya. Daktari akiunguza, panabaki makovu. Makovu ndiyo minyaa. Umeme wa moyo unafuata njia moja."

Mzee anajishika kifua. "Kumbe humu kuna umeme! Ndiyo maana unakatikakatika."

Anaweka dole gumba kwenye fomu, ila ana sharti. Ameambiwa moyo utasimamishwa, kisha uamshwe.

"Huyu daktari wenu Mhaya akiuambia amka, utamwelewa? Moyo wangu haujui Kiswahili. Uingie na wewe, binti."

Wodi nzima hoi kwa kicheko. Dk. Kahigwa anakataa habari ya chumba cha upasuaji, lakini anamruhusu Odeta akae kando ya kitanda mzee atakapozinduka.

"Nitamwambia, 'Mwangaluka,'" anasema Odeta. Ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma. "Hata kama itakuwa saa kumi jioni. Namwomba Mungu mzee aitikie tu."