Kamera Yenye Imezaa

Si mimi nilifungua. Ni wifi yangu. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa ngozi wa hiyo kamera tu, tena nilishikishwa. Nasema mapema kwa sababu kila nikitaja hii mambo ya kamera, watu wananiangalia mikono.

Lakini tuanze na mama yangu, maana yeye ndiye alikuwa na shida. Kaka yangu alienda Mombasa kuchonga twiga na vifaru vya kuuzia wazungu, akaacha mke wake na mimba. Huyo mtoto wa mimba alizaliwa, akatambaa, akatembea, akaanza kuchunga mbuzi, na kaka bado ako Mombasa. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Pesa alikuwa anatuma, sukari anatuma, leso anatuma. Na kila mtu akishuka kwa basi kutoka huko alitubebea neno moja tu, na analisema polepole kama amebeba mayai kwa mdomo: "Anasema... mwambie mama... niko njiani."

Mama siku moja akajibu bila kuinua macho kutoka kwa ungo: "Hiyo njia sasa imekuwa ndefu kuliko Mombasa yenyewe."

Mimi nimeolewa hapo ng'ambo ya mto, kwetu wakikohoa nasikia. Kwa hivyo nilikuwa naenda kukaa na mama jioni, na ndiyo siku hiyo akaniambia kitu kilikuwa kinamwuma. "Huyo mtoto wangu wa Mombasa ako na sura yangu ya zamani kichwani," akasema. "Anafikiri bado ninabeba mtungi. Anafikiri nitangoja. Akiniona vile niko sasa, atakuja na miguu."

Nikamwambia, "Mwaitu, tutamtumia picha." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ukiiita vizuri hata jiwe litageuka.

Sasa, mpiga picha tulikuwa naye mmoja. Alikuwa anatoka Kasikeu na baiskeli, siku ya soko anasimama Mukuyuni chini ya ukuta wa posho mill ya kusaga mahindi, ametundika shuka ya bluu nyuma yake. Alikuwa na maneno yake: "Mama, kidevu! Kidevu juu! Usipumue! Usi-pu-mue... haya, pumua." Kuna watu walikuwa karibu kuzimia. Lakini mama yangu sokoni hakuwa anaenda. Alisema soko iko na midomo mingi na masikio kidogo. Hata kanisani alikuwa anakaa karibu na mlango. Na kabla hatujamwita huyo mtu aje nyumbani, tukasikia amechoka na picha, anataka kwenda kulima nyanya, kamera anauza.

Hapo ndipo kichwa yangu ilianza kuwasha. Nikasema, kwani mimi siwezi? Kufinya kitu na kidole, hata kuku anaweza. Ninunue, nimpige mama, halafu nipige harusi, nipige ubatizo, pesa irudi. Mbaazi zilikuwa zimekubali mwaka ule. Nikauza magunia, nikafunga pesa kwa pembe ya leso, nikaipa jina. Hiyo ikaitwa pesa ya kamera. Na nyinyi mnajua pesa ikishapewa jina, hakuna mtu anaiita jina ingine. Hata wezi wangeuliza, "Iko wapi ile ya kamera?"

Wifi yangu, huyo mke wa kaka, akasema twende wote. Wifi anaongea kama mahindi kwa sufuria moto: "Twende-twende, mimi nitaichagua, wewe utadanganywa, unaangalianga mtu usoni badala ya mkono."

Tukaanza na mpya. Dukani Mukuyuni ilikuwako moja, kwa kabati ya kioo, katikati ya saa na wembe. Mwenye duka alikuwa mtu wa kanisa, anaongea kwa pua, pole pole, kama anafunga ibada. "Hii... ni mpyaaa. Haijaguswa na mkono wa mtuuu."

Nikamwuliza, "Inaona mbali?"

"Inaonaaa."

"Na mtu mweusi amekaa kwa kivuli, itamwona ama itaona meno tu?"

"Imeandikwa kwa sandukuuu."

"Basi sanduku iseme. Mimi shule nilipita tu nje nikipeleka mbuzi. Nitoe hiyo kitu niishike."

"Ukifungua sanduku, umenunuaaa."

Wifi akaona juu ya sanduku kuna picha ya msichana wa kizungu amekumbatia mbwa. Akauliza haraka, "Huyu mbwa alipigwa na hii?"

Mwenye duka akafikiri. Mtu wa kanisa hawezi kudanganya mbele ya wateja wengine. "Hapanaaa. Huyo alipigwa na ingineee."

Tukaangaliana. Yaani hata mtoto amechorwa kwa sanduku si wake!

Lazima niwaambie kuhusu baba yangu hapa, ndiyo mwelewe. Baba alikuwa mtu wa mbuzi. Alikuwa anakwenda mpaka Tseikuru kununua, anarudi nazo kwa miguu, vumbi mpaka kwa kope. Na alitufundisha, wasichana na wavulana: mbuzi jike usinunue kwa sababu ni mchanga anang'aa. Huyo hujui kama tumbo inafanya kazi. Nunua yenye imezaa, na umwambie mwenyewe akuonyeshe watoto. Kama mama ako na ugonjwa wa ndani, utauona kwa watoto. Halafu ndiyo ufungue mdomo, uangalie meno.

Kwa hivyo tuliposimama nje ya duka, mimi na wifi tulikuwa tunafikiri kitu kimoja. Ile mpya pesa yangu ilikuwa inaifikia yenyewe tu, bila filamu, bila betri. Ni kama kununua ng'ombe halafu unakosa kamba. Ile ya mtu wa Kasikeu ingefika na filamu na kitu kibaki. Tena hiyo ilikuwa imezaa. Watoto wake walikuwa wametapakaa kwa kuta za nyumba zote, kutoka kwetu mpaka huko mlimani.

Wifi akasema, "Twende tuwaone."

Nilifurahia hiyo kazi kuliko kazi yoyote nimefanya. Tuliingia nyumba za watu, tunasalimia, tunapewa chai, halafu macho yanapanda ukutani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa kanisa, si yule wa duka, amepigwa na mke wake, wamekaa kama wamekunywa dawa chungu. Picha safi. Vifungo vya koti unaweza kuhesabu. Lakini juu ya vichwa vyao kulikuwa na mstari mwembamba, mweupe, umenyooka kutoka upande huu mpaka ule.

"Na hii ni nini?" nikauliza.

Mzee akajishika kifua, sauti ikashuka chini ya meza. "Dada. Hiyo ni nuru. Ilitupitia siku hiyo."

Sawa. Tukaenda kwa mwalimu. Yeye amepigwa na pikipiki yake mpya. Mstari ule ule, juu ya kichwa. Mwalimu akapanguza miwani. "Hiyo, kwa kusema kweli, ni waya ya stima."

Wifi akatazama nje kwa dirisha. Mlima, miiba, punda mmoja. Stima ilikuwa mbali sana na sisi. "Ni kweli mwalimu," akasema, "naona hata punda ameunganishwa."

Nyumba ya tatu ilikuwa ya rafiki yangu, picha ya mtoto wake mchanga. Hapo mstari haukuwa juu. Ulikuwa umesimama wima, kando ya sikio. Rafiki yangu akasema ni paka alikwaruza. Mimi nikaitoa ukutani nikailaza kwa upande. Nikaisimamisha. Nikailaza tena. Mtu wa Kasikeu alipiga hiyo picha kamera ikiwa imesimama, kwa sababu mtoto alikuwa ameshikwa juu. Ukiilaza, mstari unarudi pale pale penye nuru ya mzee na stima ya mwalimu.

"Wifi," nikasema, "hii si nuru."

"Hii ni kovu," akasema wifi. "Watoto wote wako na kovu moja, mahali pamoja. Hiyo kovu ni ya mama yao. Iko ndani."

Mnaona vile ilitushika? Tulisahau hata kushukuru chai. Njia yote tunauliza: kovu iko wapi? Ni jino? Ni jicho lina chongo? Na kovu ndogo hivyo inakataza nini? Nyuso zote tuliziona vizuri. Mama apigwe na mstari juu ya kichwa, kaka ataona uso ama ataona mstari? Mpya haina kovu, sawa, lakini nani ameona mtoto wake? Tulichagua kuukuu, tukabadilisha, tukachagua mpya, tukafika mtoni tukabadilisha tena tukiwa ndani ya maji.

Mwisho tukamtumia neno mtu wa Kasikeu ailete nyumbani kwa mama, tuikague kwa mwangaza.

Akaja na baiskeli yake, jua la mchana limesimama. Mama alikuwa amekaa nje anapepeta mbaazi za kula. Yule mtu akamwamkia vizuri, "Susu, umeamkaje," maana susu ni nyanya, yule wa wajukuu, na mama akaitikia na mkono. Halafu akaitoa kamera kwa mfuko wa ngozi, akanipa mimi mfuko. Ndiyo hivyo nilishikishwa. Kamera akampa wifi.

Aii, ilikuwa nzito! Chuma. Inanukia mafuta ya baiskeli. Wifi akaipima kwa mkono, akaigeuza chini, akapuliza jicho, akaitingisha karibu na sikio. Mtu wa Kasikeu anasifu: "Hiyo ni mashine, mama. Hiyo imeona maharusi mpaka imezoea kulia. Izungushe hapo, hapo, usikie... tsrrr! Umesikia?"

"Nimesikia," wifi akasema. "Sasa kovu iko wapi?"

"Kovu gani?"

Wifi hakungoja. Alikuwa mtoto wa watu wa mbuzi pia. Amekwisha ona watoto, imebaki mdomo. Akapata kamlango kwa nyuma, akavuta kitu kwa upande, na kamera ikafunguka, pwaa, kwa jua la saa saba.

Sauti ile mtu alitoa mimi siwezi kuitoa vizuri hata leo. Ilianza kama jogoo ikaisha kama punda. "Uuuui! Kwaya! Kwaya yangu! Funga! Usifunge! Umeiua!"

Wifi akaruka akashika kichwa. Kumbe ndani kulikuwa na filamu, na kwa filamu kulikuwa na kwaya ya Kasikeu yote, na makofia yao, na jua limewaosha mpaka hakuna hata mmoja. Mimi kwanza nikainama kuangalia. Samahani, lakini nilikuwa nimetoka mbali. Na nikaiona! Hapo kwa kibati chenye kinabana filamu, chembe ya mchanga, imekwama, ndogo kuliko jicho la siafu. Filamu ikipita, inakwaruzwa. Nuru ya mzee ilikuwa mchanga wa mtoni!

"Ukitoa hiyo mchanga," nikamwambia, "itakuwa nzuri kuliko mpya."

Alikuwa amekaa chini kwa vumbi. Lakini mtu wa biashara ni mtu wa biashara, akapanguza macho na kiganja. "Ngai wangu. Kwaya nitawaita tena, wanapenda kupigwa. Lakini basi nunueni, mama. Mmeiona mpaka matumbo. Nitapunguza."

Wifi, sauti imepotea kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akaninong'oneza, "Nunua. Nunua twende."

Na mimi, nawaambia ukweli, bado nilikuwa nafikiria ile ya sanduku. Kwamba labda ndani yake hakuna mchanga. Mkono uko kwa fundo la leso, haufungui. Nikaona mama ametuacha na kelele zetu, anapepeta tu. Nikasema picha ni yake, achague yeye.

"Mwaitu, tununue mpya ama hii?"

Akaweka ungo chini. "Nikipigwa leo, anaiona lini?"

Mtu wa Kasikeu akamweleza kwa heshima. Kwanza filamu iishe, maana haitolewi nusu. Halafu ipelekwe Machakos ioshwe. Halafu ingojwe, irudi, itafutiwe mtu anaenda Mombasa.

"Na ikifika," mama akasema, "itamwuliza kama amekula?"

"Hapana, susu. Picha hainanga mdomo."

"Itamshika sikio?"

"Hapana, susu."

Mama akaniangalia mimi, akaangalia leso yangu. Yule mama hajawahi kwenda hata Mukuyuni, hakuna mtu kwetu aliwahi kufikiri miguu yake na basi katika siku moja. Akajipangusa maganda kwa magoti, akasimama.

"Sura si niko nayo mwenyewe? Nikatieni tikiti."