Kidonge cha Kumlilia Mama Mkwe

Mimi nilikuwa mliaji hodari. Si wa machozi ya kujifungia chumbani, la, mliaji wa matanga. Kwetu Uriri mwanamke aliyeolewa haingii kwenye boma la msiba akitembea kama anayeenda dukani kununua chumvi. Anapiga nduru tangu njiani, anaingia mbio mikono iko kichwani, anamwita marehemu kwa sifa zake na za baba yake, na za ng'ombe wake kama alikuwa nao. Ukilia vizuri ukoo mzima unakusifu. Ukilia vibaya utasemwa mpaka marehemu mwenyewe asahaulike.

Sasa niambie, nilipopandwa na ugonjwa wangu, nani angejua?

Ilianza kwa kushuka. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na binti yetu wa pekee alikuwa na miaka minne. Asubuhi moja nilishindwa kuamka, na kesho yake pia, na miezi ikapita hivyo. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akiniosha, mimi mtu mzima, akinisugua mgongo huku akinisimulia habari za soko la Ogwedhi kana kwamba tumekaa tu tunapiga soga. Kwenye zahanati waliona machozi wakanipa vidonge vya huzuni. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kukaa wiki nzima bila usingizi na nisichoke. Ningejibu ndiyo.

Wiki ya tatu ya vidonge hivyo nikainuka. Mume wangu alichinja kuku. "Amepona!" akawaambia majirani, na mimi nikaamini, kwani nani anakataa kupona? Miaka hiyo ya tisini vijana walikuwa wanarudi kutoka mijini wakiwa mifupa mitupu, na kila wiki tulikuwa tunazika mtu. Mimi sikukosa matanga hata moja. Sikulala, sikula, sauti haikukauka. Wanawake walisimama kando wanisikilize. "Huyu ana kipaji," walisema. Kipaji! Nilikuwa mgonjwa mahututi na watu wananipigia vigelegele.

Halafu siku moja nikasikia tangazo la kifo redioni, mtu wa Rangwe. Rangwe sina ndugu wala shemeji. Nikafunga leso, nikamvalisha mtoto viatu vyake vya kanisani, tukaenda. Nililia mpaka wenyeji wakadhani mimi ni mke wa marehemu ambaye hawakuwahi kuambiwa. Walinipa kiti, wakanipa chakula. Hapo nikasikia kuna msiba mwingine ng'ambo ya mto, nikaondoka mbio.

Mtoto nilimsahau. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Alipatikana siku ya tatu, amekaa jikoni kwa watu asiowajua. Walimlisha vizuri, Mungu awabariki. Lakini walisema alikataa kabisa kuvuliwa viatu, hata wakati wa kulala, maana mama yake angerudi kumchukua na yeye lazima awe tayari. Mimi wakati huo nilikuwa nimefungwa kamba, napelekwa hospitali Homa Bay, na nilikuwa bado naimba.

Huko ndiko daktari wa akili alikonieleza kwamba ugonjwa wangu una pande mbili, kupanda na kushuka, na kwamba vile vidonge vya huzuni, bila dawa ya kunishikilia, vilinirusha juu. Akanipa dawa ya kutuliza, pamoja na kidonge kidogo, hafifu, cha kuinua moyo. Kupanda kukaisha. Kushuka kukarudi, na safari hii kukakaa. Miaka minne. Mdomo mkavu, mkono unatetemeka mpaka watoto wa darasa la tatu hawawezi kusoma nilichoandika ubaoni. Nilikuwa nakula bila kujua nakula nini. Nilitaka kufa, niseme wazi, na nilichoka hata kulipanga hilo. Kwenye matanga nilikaa nyuma na wazee wa kiume, kimya, na watu wakaanza kunong'ona kwamba nimerogwa sauti.

Basi siku moja ya kliniki daktari akaniambia kuna dawa mpya ya kuinua moyo, kidonge nusu kijani nusu cheupe. Tungeacha kile kidogo, tuanze hicho, na ile ya kutuliza iendelee. "Inaweza kukusaidia sana, mwalimu," akasema. "Lakini wewe nakujua, ukiinuliwa unaweza kupitiliza. Ukianza kupanda, nani nyumbani atajua kwanza?"

Nilifungua mdomo nikakosa jina. Akaniambia nikafikirie, nirudi na jibu mwezi unaofuata.

Mume wangu hakufikiri hata kidogo. "Kama itakurudisha ulivyokuwa, imeze." "Nilivyokuwa lini, bwana?" nilimuuliza. Akanitajia mwaka ule ule wa kuku, mwaka wa Rangwe. Nilitaka kumrushia sufuria. Lakini mkono ulikuwa unatetemeka.

Mama mkwe naye alikuwa amelala chumba cha pili, tumbo limevimba, na sote tulijua haamki tena. Aliniita nikaketi kitandani kwake. "Mwanangu, imeze hiyo dawa," akasema. "Wakwe wengine wanalia kama paka. Mimi nitaliliwa na nani?" Alicheka kidogo, kisha akanishika kifundo cha mkono na hakuwa anacheka tena. Mayoo! Yule mama aliniosha uchafu wangu. Hakuniomba kitu kingine maishani. Nilimwambia nitaimeza, na nilikuwa nasema kweli. Nilikitaka kile kidonge. Nilitaka hata mwezi mmoja tu wa kusikia kitu chochote moyoni, nimlie, halafu mengine yaje.

Siku mbili kabla ya kliniki nilikuwa nje na binti yangu, tunachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa na miaka minane, mtoto wa maneno machache. Nikaona heri nimwambie mwenyewe.

"Daktari anataka kunipa dawa nyingine. Nitachangamka. Nitakuwa kama zamani."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Akainuka, akaingia ndani, nikasikia anavuta sanduku chini ya kitanda. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya shule, soksi na kamba zimefungwa mara mbili. Akaketi tena pale pale, akaendelea kutoa mawe kwenye maharagwe.

Nilirudi Homa Bay nikamwambia daktari kwamba mtu wa kujua kwanza nimempata, na kwamba sitaki dawa ile. Hakunilaumu. Alisema hilo si la milele, siku nyingine tutalizungumza tena, na kwa sasa ataongeza kile kidonge kidogo cha zamani, polepole. Mama mkwe sikumwambia. Kila jioni alikuwa ananiuliza kama nimemeza, nami nikajibu, "Ndiyo, mama, nimemeza." Na kweli nilikuwa nameza, ila si kile.

Alikufa kabla ya mavuno. Wakwe wengine waliingia bomani mbio, mikono kichwani, wakalia kama alivyosema watalia. Mimi nilitembea tu, kama anayeenda dukani. Kaburini nilijaribu. Nilifungua mdomo nikamwita kwa sifa ya kwanza, ile ya baba yake, na sauti ikatoka kavu, nikanyamaza katikati ya jina. Wifi yangu akasema kwa nguvu ili nisikie, "Aliyeoshwa kama mtoto, leo hana hata chozi."

Alisema kweli, sikuwa nalo. Nikainamisha kichwa. Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu kwenye udongo wa kaburi, miguu mitupu.